Masomo ya juu kwenye intaneti: somo ni la bure, lakini mega si za bure

Zamani, mwanafunzi wa Mabanga aliyemaliza hesabu za darasa lake mbele ya wenzake alikuwa na njia mbili tu: kungojea chuo kikuu, ao kuazima daftari na vitabu vya mkubwa wake aliyekwisha kufika huko. Leo kuna njia ya tatu, na inaingia mfukoni. Kwa simu ya kawaida anaweza kufuata somo la algebra ao la kuandika programu linalofundishwa Lausanne, Boston ao Paris, bila kulipa ada ya masomo.

Neno "bila kulipa" njo linalodanganya wengi. Somo lenyewe mara nyingi ni la bure. Kinachokula franga ni vitu vitatu vinavyolizunguka: mega, umeme, na karatasi ya kuonyesha kwamba mtu amesoma. Familia isiyopiga hesabu ya vitu hivyo mapema inaweza kutoa pesa mingi, na kijana akaacha katikati bila kufika popote. Ukurasa huu unaeleza masomo hayo ni nini, yanamgharimu nini mtu wa Goma, na yanamfaa nani.

Yalianza wapi

Mwaka wa 2001, chuo kikuu cha MIT huko Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti ili mtu yeyote ayasome bure. Masomo ya kwanza yalitokea mwaka wa 2002, kwa jina la OpenCourseWare. Hakuna kujiandikisha, hakuna cheti. Ni nota za mwalimu, mazoezi, mitihani ya miaka iliyopita na, kwa baadhi ya masomo, video za darasani.

Mwaka wa 2008, Salman Khan, ambaye alikuwa amezoea kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali, alianzisha Khan Academy. Hiyo pia ni ya bure, na iko na sehemu kubwa kwa Kifaransa. Inaanzia hesabu za watoto wa msingi mpaka hesabu za mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Mwaka wa 2012 mambo yalibadilika. Maprofesa wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, walianzisha Coursera. Mwaka huohuo Harvard na MIT walianzisha edX. Sasa kozi ikawa na wiki zake, mazoezi yanayosahihishwa na mashini, na cheti mwishoni. Wizara ya elimu ya juu ya Ufaransa nayo ilifungua FUN mwaka wa 2013, yenye kozi za vyuo vikuu kwa Kifaransa.

Kwa mwanafunzi wa Kongo, Kifaransa ni jambo kubwa, kwa sababu masomo mengi ya juu kwenye intaneti yako kwa Kingereza. Chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, kilitengeneza kozi nyingi kwa Kifaransa: kuandika programu kwa C++ na Java, algebra, na hata kozi inayohusu mipango ya miji ya Afrika. Chuo kikuu cha Lille, Ufaransa, kina Exo7, nota na mazoezi ya hesabu ya mwaka wa kwanza, pamoja na video. Nota za Exo7 zinaanzia karibu pale darasa la sita ya sekondari inapoishia. Kwa mtoto wa option ya sayansi, hiyo ni ngazi ya kwanza iliyo nzuri.

Haya si masomo ya kurudilia programu

Kuna watu wanachanganya vitu viwili. Shule zilipofungwa mwezi wa tatu 2020 kwa sababu ya Korona, Radio Okapi ilitoa Okapi École, masomo kwa njia ya redio kwa watoto waliobaki nyumbani. Hayo yalifuata programu ya shule, ili mtoto asipoteze mwaka.

Masomo ya juu kwenye intaneti yana lengo lingine. Yanamchukua mwanafunzi pale shule inapomwacha na kumpeleka mbele. Hayamungojei. Anayejiandikisha kwa kozi ya algebra ya mwaka wa kwanza kabla ya kuelewa hesabu za darasa la tano atapotea kwenye wiki ya pili, na mega zake zitapotea pamoja naye. Kwa hiyo swali la kwanza si "kozi gani iko na jina kubwa?" Swali la kwanza ni "nimesimama wapi?" Mazoezi ya bure ya Khan Academy yanaweza kumwonyesha mwanafunzi hapo, kwa siku chache, kabla ya kutoa hata franga moja kwa kitu kingine.

Kijana wa Mongolia na watu wa Kiziba

Mfano unaotajwa mara nyingi duniani ni wa Battushig Myanganbayar, kijana wa Ulaanbaatar, muji mukuu wa Mongolia. Mwaka wa 2012, akiwa na miaka 15, alifuata kozi ya kwanza ya MIT kwenye intaneti, inayohusu sakiti za umeme na elektroniki. Watu karibu 150,000 walijiandikisha duniani kote. Waliopata alama zote bila kukosa hata moja walikuwa 340, naye akiwa kati yao. Mwaka uliofuata alipokelewa MIT kama mwanafunzi.

Wengi wanaishia hapo, na kusema: tazama, akili yake tu na intaneti vimetosha. Lakini hadithi iko na sehemu ya pili. Mkuu wa shule ya Battushig alikuwa amesoma mwenyewe MIT. Ndiye aliyeleta kozi hiyo shuleni, wanafunzi wakaifuata pamoja, na mwanafunzi wa Stanford akaja na vifaa vya maabara kuwasaidia kwa vitendo. Kijana alikuwa na akili, ndiyo, lakini hakuwa peke yake.

Karibu na Goma kuna mfano mwingine, usiojulikana sana mjini. Kambi ya Kiziba iko Karongi, upande wa Rwanda wa ziwa Kivu. Tangu mwaka wa 1996 inahifadhi wakimbizi wa Kongo, wengi wao kutoka Kivu ya Kaskazini. Shirika la Kepler, lililoanza Kigali mwaka wa 2013, lilifungua tawi Kiziba mwaka wa 2015. Wakimbizi walianza kusomea hapo digrii ya chuo kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani, kwa njia ya intaneti, bila kutoka kambini.

Siri yao? Somo lilitoka mbali, lakini jengo, umeme, mashini na watu wa kufuatilia kazi vilikuwa papo hapo. Kenya ilifuata njia hiyohiyo kule Dadaab tangu mwaka wa 2013, ambapo vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vilishirikiana na vyuo vya Kanada, hasa York, kuwafundisha wakimbizi, sehemu ana kwa ana na sehemu kwenye intaneti.

Kwa kijana wa Mabanga, somo la mifano hii ni moja: kabla ya kutafuta kozi, tafuta wenzako.

Hesabu ya mega

Chukua kozi moja ya wiki 6, yenye saa 2 za video kila wiki. Jumla ni saa 12, ni kusema dakika 720. Mega zinazotumika zinategemea ubora wa picha:

- Picha ya chini kabisa (144p) inakula karibu MB 2 kwa dakika. Kozi nzima: karibu GB 1.4.
- Picha ya kati (360p) inakula karibu MB 6 kwa dakika. Kozi nzima: zaidi ya GB 4.
- Picha safi (720p) inakula karibu MB 20 kwa dakika. Kozi nzima: zaidi ya GB 14.

Mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule. Tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho ni mara kumi. Na simu mingi, zikiona mtandao iko nguvu, zinachagua zenyewe picha safi bila kuuliza. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuingia kwenye mipangilio ya video na kuchagua picha ya chini.

Maandishi yanakula kidogo kuliko video yoyote. Kitabu cha PDF cha kurasa 200 mara nyingi hakifiki MB 10, ni kusema dakika tano za video ya chini. Kwa hesabu na fizikia, nota na mazoezi njo chakula chenyewe. Video ni mchuzi. Mwanafunzi mwenye mega chache anaweza kuchukua nota zote za kozi, akasoma kwa daftari na kalamu, na kufungua video pale tu anapokwama.

Kuchukua mara moja, kusoma mara nyingi

Njia ya pili ya kupunguza bei ni kutofungua video moja kwa moja kwenye mtandao, bali kuihifadhi kwanza. Aplikasio za Coursera na edX zinaruhusu kuhifadhi video za kozi nyingi kwenye simu. OpenCourseWare ya MIT inaruhusu kuchukua nota na mazoezi ya kozi nzima kwa faili moja; video zinachukuliwa kwa upande. Mwanafunzi anaweza kuchukua kazi ya wiki siku moja, saa ambazo forfe iko na bei nafuu ao mahali penye Wi-Fi, kisha kusoma nyumbani bila mtandao. Akirudilia video mara tatu, hailipi mara tatu.

Hapa kundi linakuwa na nguvu. Vijana watano wakifuata somo moja, mmoja anachukua, wengine wanapata kwa Xender, Bluetooth ao kadi ya memori. Zile GB 1.4 zinagawanyika mara tano. Jambo moja la kuangalia: ruhusa. OpenCourseWare na Exo7 zinakubali watu wanakili na kugawana mradi si kwa biashara. Kampuni zingine zinataka kila mtu awe na akaunti yake, na hazikubali video zigawanywe.

Kuna pia Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa mahali pasipo intaneti. Inawekwa kwenye mashini moja, hata ya zamani, ikijazwa masomo mara moja, yakiwemo ya Khan Academy. Kisha simu na mashini zingine zilizo karibu zinasoma kutoka kwake bila kutumia mega. Shule ya kartie, parokia ao kanisa lenye mashini moja na umeme wa saa chache linaweza kutumikia darasa zima.

Umeme na saa

Goma leo iko na makampuni kadhaa ya umeme: SNEL ya zamani, Virunga Energies, Socodee, na Nuru ya umeme wa jua. Lakini waya kupita mbele ya nyumba si sawa na kuwa na umeme ndani, na kredi ya cash power ikiisha, giza linarudi. Nyumba mingi bado zinapeleka simu kuchajiwa kwa kulipa. Bei hiyo ni ndogo kwa siku moja. Kwa kozi ya wiki 6, lazima iandikwe kwenye hesabu pamoja na mega.

Kozi zenye tarehe za mwisho zina mtego mwingine: saa. Kozi nyingi zinafuata saa za UTC, na Goma iko saa 2 mbele. Kazi inayofungwa saa 23:59 UTC inafungwa saa 1:59 ya usiku huku kwetu. Anayengojea dakika ya mwisho, kisha umeme ukatike, amekwisha kupoteza alama. Kwa mtu wa Goma, kozi zisizo na tarehe kali ni bora kuliko zile zenye kalenda.

Karatasi: nani anaihitaji?

Kwenye Coursera na edX, kozi nyingi zimekuwa zikikubali mtu aangalie masomo bila kulipa, lakini cheti kinalipiwa, na wakati mwingine hata kusahihishiwa mazoezi. Masharti haya yanabadilika mara kwa mara; yasomwe kabla ya kuanza. Mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuomba msaada ao punguzo, akieleza hali yake na sababu ya kutaka kozi. Jibu linaweza kuchukua wiki mbili hivi. Maombi hayo hayalipiwi, na hakuna anayepaswa kulipa mtu ili amwandikie.

Kuna kozi zinazotoa cheti bila franga. Moja inayojulikana ni CS50 ya Harvard, utangulizi wa sayansi ya kompyuta unaofundishwa na David Malan: anayefanya mazoezi yote na kupata alama zinazotakiwa anapata cheti cha bure cha kozi yenyewe. Iko kwa Kingereza, na si nyepesi.

Kwa cheti cha kulipia, mtu wa Goma anakutana na milango miwili. Wa kwanza ni malipo: masaiti mengi yanataka karti ya benki ya kimataifa. Tangu vita ilipofika mjini mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, banki zilifunga milango, na watu wakabaki kutegemea pesa za simu. Wa pili ni kitambulisho. Vyeti vingine vinadai picha ya karatasi ya serikali, na Kongo watu wengi wanatumia karti ya mpiga kura. Mwanafunzi wa miaka 16 hana karti hiyo. Jina atakaloandika siku ya kwanza liwe lilelile litakalokuwa kwenye diploma yake, majina yote matatu kwa mpangilio uleule, ili baadaye asianze kueleza yeye ni nani.

Diploma ya serikali kwanza

Hapa hakuna kuzunguka. Kongo, mlango wa chuo kikuu unafunguliwa na diplôme d'État, inayopatikana kwa Exetat, angalau 50%. Hakuna cheti cha intaneti kinachochukua nafasi yake, hata kiwe na jina la Harvard juu. Mwanafunzi anayeacha mazoezi ya Exetat ili amalize kozi ya intaneti ameuza ng'ombe kununua maziwa.

Hata University of the People, chuo kikuu cha mtandaoni kilichoanzishwa mwaka wa 2009 na kinachosema hakitozi ada ya masomo, kinadai mtu awe amemaliza sekondari. Tena neno "bure" lisomwe polepole: kuna ada ya kuomba nafasi na ada kwa kila kozi, na digrii moja iko na kozi makumi.

Basi faida iko wapi? Iko kwenye kichwa kwanza. Aliyefanya algebra ya Exo7 kabla ya kuingia ISTA, UNIGOM ao ULPGL atakaa darasani akijua njia. Iko pia kwenye kazi inayoonekana: programu aliyoandika, daftari la mazoezi aliyoyamaliza. Anayeomba bursa ao kazi ya kompyuta anaweza kuonyesha vitu hivyo, na cheti kikawa ushahidi wa pili.

Wengi wanaanza, wachache wanamaliza

Mwaka wa 2019, gazeti la kisayansi Science lilitoa utafiti uliofanywa juu ya kozi za MIT na Harvard kwenye edX. Mwaka wa masomo 2017-2018, kati ya watu 100 walioandikishwa, waliomaliza walikuwa 3 tu. Kati ya wale waliolipia cheti, karibu nusu walimaliza.

Si kwamba pesa inafundisha. Aliyelipa amekwisha kuamua. Asiye na dola za kulipa anahitaji kitu kingine cha kumfunga: siku maalum ya wiki, mwenzake anayemngojea, mwalimu wa hesabu anayekubali kuangalia daftari Jumamosi. Hivyo havihitaji karti ya benki.

Wadanganyifu

Panapokuwa na njaa ya masomo, hawakosi watu wa kuiuza. Dalili ni zilezile: mtu anaomba pesa ya simu ili "akuandikishe" kwenye kozi ambayo ni ya bure, anaahidi bursa ya nje baada ya kozi ya siku chache, anauza cheti bila masomo, ao anaomba neno la siri la akaunti. Cheti cha kweli kina namba ao anwani ambayo mtu yeyote anaweza kufungua na kukihakikisha kwenye saiti ya aliyekitoa.

Maswali matano kabla ya kuanza

- Ninataka kujua, ao ninataka karatasi? Kama ni kujua, usilipe chochote.
- Ninaweza kufanya zoezi la kwanza la kozi leo, bila msaada? Kama hapana, rudi ngazi moja nyuma.
- Nimehesabu mega za kozi nzima na bei ya kuchaji simu?
- Nani atasoma nami, na siku gani?
- Exetat iko lini, na kozi hii haiingilii wakati wake?

Mzazi naye anaweza kuuliza maswali hayo, hata kama hajawahi kufungua saiti yoyote. Mtoto anayeyajibu yote matano amekwisha kupiga hesabu yake. Mtoto anayejibu tu kwamba "ni bure" bado hajaanza kuhesabu.